Sare ya Vienna

Wapo wapenzi wa sataranji waionayo sare kuwa ni mchezo uliokosa mwisho, mfano wa shairi lililoachwa bila kituo. Mchezo walioucheza Carl Hamppe na Philipp Meitner mjini Vienna mwaka 1872 watosha kuikanusha kauli hiyo. Ulikwisha kwa hatua 18 tu, na hata leo huitwa Sare Isiyokufa.

Kasoro yake i mwanzoni. Katika hatua ya tatu Hamppe alimpeleka farasi wake pembezoni mwa ubao ili amfukuze askofu wa Meitner. Askofu hakukimbia, alijitoa mhanga mbele ya shaha, akamvuta nje ya makao yake. Tangu hapo shaha akawa msafiri: kati ya hatua 18 za Hamppe, 12 ni zake yeye, hadi akajikuta katikati ya kete za adui. Meitner akamtoa malkia, kisha farasi.

Usanii wenyewe waanza baada ya hapo. Akiwa amekwisha kutoa kete kubwa tatu, Meitner hakuendelea na vishindo. Alimsogeza farasi wake wa pili kwa hatua ya kimya, ambayo ndani yake mlijificha kifo. Hamppe naye akajibu inavyostahiki: akamtoa askofu wake mwenyewe ili shaha apate pa kukimbilia.

Mwishoni askofu wa Meitner asimama ubavuni mwa shaha bila mlinzi, kama chambo. Hamppe akimla, shaha mweusi atasogea hatua moja, njia itaifungukia ngome, na mchezo utakuwa umekwisha. Meitner naye akiacha kushambulia, hana cha kumkabili malkia wa mwenzake. Basi askofu huenda na kurudi, shaha huenda na kurudi, kama kipokeo kinachorejea mwisho wa kila ubeti.

Hii si sare ya woga wala ya uchovu. Kila mmoja alitoa alichopenda, na kila mmoja akakataa kula kilichokuwa karibu na mkono. Majibizano ya malenga nayo hayadumu kwa sababu mmoja alinyamazishwa. Yadumuyo ni yale ambamo hakuna aliyemwachia mwenzake ubeti dhaifu.