Arnold Jacobs: Pumzi Iliyotumikia Wimbo

Katika ala za shaba zinazopulizwa kwenye okestra, tuba ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo isiyotazamwa sana. Sauti yake nene hukaa chini ya sauti nyingine mfano wa msingi wa nyumba. Nyumba husifiwa kwa nakshi za milango yake, nadra kwa mawe yaliyofukiwa. Kuitathmini sanaa ya Mmarekani Arnold Jacobs (1915–1998), basi, ni kumtathmini msanii aliyeridhia kuwa jiwe la chini.

Jacobs alizaliwa Philadelphia, na akiwa na umri wa miaka 15 alipata nafasi ya kusoma bila ya malipo katika chuo cha muziki cha Curtis. Alipiga tuba katika okestra za Indianapolis na Pittsburgh, kisha mwaka 1944 akajiunga na Okestra ya Simfoni ya Chicago. Alidumu humo hadi mwaka 1988, miaka 44 katika kiti kimoja.

Nafasi za kusikika peke yake zilikuwa chache. Mojawapo ni rekodi ya koncheto ya tuba ya Ralph Vaughan Williams, utunzi wa mwaka 1954, aliyoipiga na okestra yake chini ya uongozi wa Daniel Barenboim. Katika sehemu ya pili, iendayo taratibu, ala ile nzito haingurumi, inaghani. Msikilizaji husahau shaba akabaki na sauti ya mwimbaji.

Siri ya uimbaji huo imo katika ualimu wake. Waliomwendea hawakuwa wapiga tuba peke yao, bali wapulizaji wa kila namna, na waimbaji pia. Jacobs alisoma kwa kina kazi ya mapafu na misuli, akatumia vifaa vya kupimia pumzi. Yeye mwenyewe alisumbuliwa na pumu, na uwezo wa mapafu yake ukapungua kadiri umri ulivyosonga. Hata hivyo mafunzo yake yote aliyafumbata katika mambo mawili: wimbo na pumzi. Wimbo aliutanguliza.

Hapo ndipo ulipo uzito wa funzo lake, na ndipo ilipo hatari ya kulishika nusu. Bingwa huyo wa elimu ya pumzi aliwataka wanafunzi wasiifikirie misuli wakati wa kupiga. Waisikie kwanza sauti nzuri akilini, na mwili utafuata. Anayebeba vipimo vyake akauacha wimbo amebeba ganda. Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo hili. Mizani na vina havina budi kujulikana, lakini mghani anayehesabu mizani mbele ya hadhira huliua shairi mdomoni mwake.

Elimu ya Jacobs ilikuwa pana, na ukubwa wake ni kwamba alijua wakati wa kuinyamazisha, wimbo upite.