Petroli Inayoliwa na Upepo

Mafuta yakiisha mapema kwenye safari ndefu, lawama ya kwanza humwendea fundi: kabureta haikurekebishwa, plagi imechoka, mnyororo umekaza. Pengine ni kweli. Lakini pikipiki ikishafika kilomita 100 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu ya injini haibebi mzigo wala haizungushi tairi, inasukuma hewa. Na ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ongeza mwendo mara mbili, hewa itakurudisha nyuma mara nne. Chukua pikipiki ya wastani, mpandaji kakaa wima, usawa wa bahari. Kwenye 100 kwa saa, hewa inaizuia kwa nguvu ya nyutoni kama 230, matairi yakidai 50 hivi tu. Kwenye 120, hewa pekee inadai zaidi ya 330. Injini ikigeuza robo ya nishati ya petroli kuwa mwendo, hesabu inakuja lita 3.5 kwa kilomita 100 katika mwendo wa kwanza, na karibu 4.8 katika wa pili. Tangi la lita 15 limepoteza zaidi ya kilomita 100 za safari ili kuokoa dakika kumi katika kila kilomita 100.

Atakayebisha atataja milima, na njia ya Nairobi kwenda Mombasa ni mahali pazuri pa kumjibu. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na safari ni kilomita 480 hivi. Gawanya mteremko huo kwa umbali: ni mita tatu na nusu kwa kila kilomita. Pikipiki na mpandaji wake wakiwa na kilo 230, mteremko unawavuta kwa nyutoni nane tu. Sasa weka upepo wa kusi wa kilomita 20 kwa saa, unaotoka upande wa baharini. Anayeshuka pwani kwa 100 anakutana na hewa kana kwamba yuko kwenye 120. Anayepanda Nairobi anaiona kama 80, na nguvu inayomzuia ni nyutoni 150 badala ya 330. Wembamba wa hewa ya Nairobi, pungufu kwa kama asilimia 15, haubadilishi hukumu hiyo. Msimu wa kusi, anayeshuka anaweza kabisa kunywa petroli nyingi kuliko anayepanda.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: injini ndogo si inakula kidogo? Mjini, naam. Barabara kuu ni kesi nyingine, kwa sababu kifua cha mpandaji hakipungui kwa kuwa injini ni ya cc 150. Kwenye 100 kwa saa gurudumu linadai karibu kilowati nane, na injini ya aina hiyo haina nyingi zaidi ya hapo. Mkono wa mafuta umefunguliwa hadi mwisho, na hapo kabureta humimina petroli nyingi kuliko ile inayoweza kuunguzwa na hewa iliyopo. Injini bora husaidia, sikatai. Honda NC700 ya mwaka 2012, yenye cc 670, ilisifika kwa ubanaji wa mafuta kwa kuwa injini yake huzunguka polepole. Ilichopunguza, hata hivyo, ni hasara ya ndani ya injini. Deni la hewa lilibaki palepale.

Basi tufunge kioo kikubwa mbele? Kioo kinapumzisha kifua, lakini mara nyingi kinaongeza eneo la kupigwa na upepo. Kinachoamua zaidi ni namna hewa inavyojifunga nyuma ya pikipiki. Moto Guzzi walilijua hilo: walijenga handaki la upepo huko Mandello del Lario, Italia, mwaka 1950, na pikipiki zao za silinda moja, zilizofunikwa kwa ganda hadi gurudumu la mbele, zilitwaa ubingwa wa dunia wa cc 350 kuanzia 1953 hadi 1957 mbele ya wapinzani wenye silinda nne. Kisha maganda hayo yakapigwa marufuku mashindanoni, kwani upepo wa ubavuni uliyumbisha pikipiki vibaya. Mwenye pikipiki ya kawaida amebakiwa na vitu vidogo: kuinama kidogo, kushuka hadi 90, na kuangalia anapofunga mzigo. Kilo 20 zilizofungwa nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo mwili umeshaukata upepo, hazimgharimu sana; kilo hizohizo kwenye masanduku mawili yaliyochomoza ubavuni atazilipia hadi Mombasa.