Ushujaa Si Bandeji Peke Yake

Ndugu wasomaji, naomba niwachokoze kidogo. Tukiambiwa tuandike juu ya ushujaa, sisi waandishi chipukizi wote mbio kwa John Stephen Akhwari. Mexico, Oktoba 20, 1968: Mtanzania kaanguka kwenye marathoni, goti limeumia, kafungwa bandeji, anachechemea hadi uwanjani, wakati Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda zaidi ya saa nzima nyuma. Akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Hapo msomaji analia, na sisi tunaweka nukta.

Sikatai, habari yenyewe tamu. Lakini tunaisimulia nusu. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyohuyo alishika nafasi ya 5 katika marathoni. Nani kati yetu kaliandika hilo? Kurudi kwenye barabara iliyokuangusha, siku baada ya siku, bila mtu wa kukupigia makofi, mimi naona ni ushujaa mkubwa zaidi. Ila hauna damu, basi tunauruka.

Kosa hilo hata mimi ninalo. Kwetu ni Bukiriro, wilaya ya Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Hadithi yangu ya kwanza ilihusu siku zile. Nikamtunga askari mmoja, peke yake, anapambana na majambazi kumi. Nikajiona nimeandika kweli!

Kumbe shujaa nilikuwa nakula naye ugali. Mama mkubwa aliwapikia wageni asiowajua, leo, kesho, keshokutwa, huku majirani wakimwonya kwamba hajui nani ni nani. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alicheka.

"Mwanangu, niliogopa sana. Lakini maharage yalikuwa yameshaiva."

Sentensi hiyo imeniulia askari wangu. Yeye hakuogopa popote, toka mwanzo hadi mwisho, sasa ushujaa wake uko wapi?

Kwa hiyo, wenzangu, kabla hujamtuma shujaa wako vitani au uwanjani, hebu jiulize: anaogopa nini, na kesho yake asubuhi anafanya nini? Mimi hadithi ile naiandika upya. Safari hii naanzia jikoni.