Mwenda wa Bayeke: gitari si mila?

Siku tulipokaa hapa Katogota kuchagua mambo ya kuandika katika kijitabu hiki, mzee mmoja alikataa kabisa jina la Jean-Bosco Mwenda. «Mwanangu, huyo ni mtu wa gitari. Mila ni ngoma na likembe.» Nilinyamaza kwa heshima, lakini sikukubali.

Mwenda alizaliwa kule Katanga mwaka 1930, katika Bayeke wa Bunkeya, watu ambao asili yao ni Unyamwezi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi Afrika Kusini, alimkuta Jadotville (leo Likasi) akipiga gitari njiani, akamrekodi. Kati ya nyimbo za wakati ule kuna Masanga, iliyofikisha jina lake mbali. Santuri zake zilitolewa na Gallotone ya Johannesburg, zikauzwa mpaka Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 50 alienda Nairobi, na vijana wa kule wakamwiga sana. Mwaka 1969 aliimba Newport, Marekani.

Wageni walisifu vidole vyake. David Rycroft aliandika mwaka 1961 na 1962 juu ya gitari yake tu, nota kwa nota: namna kidole gumba kinashika sauti ya chini, na kile cha pili kinatembea juu, kila mara kinabadilisha kitu kidogo. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini Mwenda alikuwa mwimbaji, na aliimba Kiswahili. Tena si kile cha Zanzibar. Ni Kiswahili kilichokomaa katika kambi za Union Minière, ambapo makabila mengi yalikutana kutafuta kazi, kile kinachosema «batu» na «batoto» bila haya. Mwalimu wetu wa shule angekipiga wino mwekundu. Sisi wa bonde la Ruzizi tunasema tofauti kidogo, lakini hatuhitaji mkalimani. Mgeni anasikia nyuzi. Sisi tunasikia mtu anaongea na jirani yake, sauti ya chini, bila kelele. Njo maana ninasema nusu ya kazi yake bado haijahukumiwa, na wenye kuweza kuihukumu ni sisi.

Kuna pahali ninamlaumu. Kule Nairobi aliimba matangazo ya dawa ya Aspro, na mimi wimbo wa kuuza vidonge haunigusi. Lakini msanii naye anakula. Mwenda alifanya kazi benki, akafanya Gécamines, akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia; gitari peke yake haikumlisha. Mwaka 1988 alirekodi tena, Cape Town. Mwezi wa 9 mwaka 1990 alikufa kwa ajali ya gari Zambia.

Nikamrudia mzee. Nikamwambia: Baba, likembe nayo ilitoka huko chini, karibu na mdomo wa mto Kongo, ikapanda na wapagazi na askari wakati wa wazungu. Ilikuwa mgeni kama gitari, isipokuwa ilitangulia. Alicheka sana. «Basi andika, lakini likembe itangulie.» Ndiyo sababu makala ya likembe umeisoma kabla ya hii.