Kihariri Kizuri Utakijua Umeme Ukikatika

Ankara niliyompelekea mteja mwaka jana ilimalizikia na alama tatu zisizomhusu: nukta pacha, w na q. Vidole vilikuwa vimeshakizoea kihariri cha Vim, vikatoa amri ya kuhifadhi na kufunga ndani ya programu ya kuandikia barua. Mteja alilipa bila kuuliza. Lakini ndiyo gharama ya kuhama kihariri: programu yenyewe huenda ni ya bure, vidole ndivyo vinavyolipa.

Kwa hiyo usikipime kihariri kipya siku ya kwanza, siku ambayo utasifia rangi tu. Kipe wiki mbili, kwenye kazi ambayo mwenyewe anaisubiri.

Anza na umeme. Kwenye kompyuta ya mezani, andika mistari ishirini bila kuhifadhi, kisha chomoa waya ukutani. Ndiyo, chomoa. Vim huandika pembeni faili lenye kiishio cha .swp kila ukishagonga herufi 200, au ukitulia sekunde nne, na ukiwasha tena na kulifungua faili lako inakuuliza kama urejeshewe kazi yako. Kihariri kitakachokupokea kwa ukurasa mtupu na salamu za kukukaribisha, kifute jioni hiyo hiyo.

Faili kubwa ni jaribio fupi: fungua kumbukumbu za seva za megabaiti 500 uone kama kitaganda.

Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote ni hili. Chukua faili la zamani la mwenzako, badilisha herufi moja, hifadhi, kisha iulize Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, kilichobadilika. Ukiona mstari mmoja, kihariri kina adabu. Ukiona mistari 300, kimegeuza miisho ya mistari ya Windows kuwa ya Linux, au kimefyeka nafasi ambazo hukukituma kuzigusa. Ni mgeni aliyekuja kuomba chumvi akaondoka amelipanga jiko upya. Mwenzako atakesha akitafuta ulichofanya, na hutakuwa na la kumjibu. Faili dogo la .editorconfig ndani ya mradi hupunguza balaa hili, ilimradi kihariri kikubali kulisoma.

Kisha ingia kwenye seva ya mbali kwa bando la simu. Hapa ndipo uzee wa kihariri unapolipa. Bill Joy aliandika kihariri cha vi mwaka 1976 huko Berkeley, Marekani, akifanya kazi kwa modemu ya baudi 300, yenye kasi ya kutia huruma. Ndiyo maana amri zake ni herufi mojamoja. Hata kutembeza kursa kwa h, j, k na l kumetokana na kibodi ya terminali ya ADM-3A aliyotumia, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizo. Vim, mrithi wake, ilitolewa na Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991. Ifungue bila faili lolote, itakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda: Moolenaar aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Tanzania. Hilo halihusu ubora, ila nalipenda.

Mwisho, pima mlango wa kutokea. Kihariri cha Atom cha GitHub kilifungwa Desemba 2022, na waliokuwa wamekitegemea ikabidi wahame. Mipangilio yako iwe kwenye faili la maandishi unaloweza kulibeba kwenye flashi. Kuhama kwenyewe kumekuwa rahisi tangu 2016, Microsoft ilipotoa itifaki inayowezesha injini moja ya kukagua lugha kutumika katika vihariri vingi. Ukihama, ukaguzi ule ule unakufuata.

Mimi, mradi wenye faili nyingi naufungulia VS Code, na seva naingia na Vim. Emacs nilikaa nayo miezi minne. Ni kihariri kizuri sana, ila kidole changu kidogo cha kushoto kiligoma kubonyeza Ctrl kutwa nzima.