Mizani ya Sinema Bubu ya Wendawazimu

Mpenzi wa sinema akaaye Pickering, ambaye hupanda treni ya GO hadi Toronto kutazama filamu za kale, akibahatika kuonyeshwa Kurutta Ichipēji, iliyotengenezwa Japani mwaka 1926 na Kinugasa Teinosuke, asikimbilie kuuliza kisa. Kisa ni kifupi, cha baharia wa zamani aliyeingia utumishi katika hospitali ya wendawazimu ili awe karibu na mkewe aliyefungiwa humo. Atazame kwanza macho ni ya nani.

Mwanzoni mvua yapiga kwa kishindo, kisha atokea binti mwenye mavazi ya fahari akicheza mbele ya tufe kubwa lizungukalo, na mtazamaji hudhani yumo katika jumba la tamasha, hata zitokeapo nondo za chumba ndipo afahamu kuwa alikuwa akiona kwa macho ya mgonjwa. Ustadi u hapo: hapana alama imtengayo mwenye akili timamu na asiye nazo. Filamu ya Kijerumani ya Dakta Caligari, ya 1920, ambayo kuta zake zilizopindwa zapendeza mno, hutoa maelezo mwishoni, nami naona imejipunguzia thamani.

Uigizaji upimwe penye vinyago. Mtumishi awavisha wagonjwa vinyago vyenye tabasamu, naye mwenyewe akavaa. Nyuso zimetulia, ilhali miili haitulii. Kinugasa, aliyepata kuwa mwigizaji wa nafasi za kike, alijua fika kwamba bega husema pale uso unapozuiwa. Mwigizaji ategemeaye kukodoa macho angefedheheka hapo.

Nakala nayo ina mizani yake. Filamu ilipotea miaka mingi, hata Kinugasa mwenyewe akaikuta ghalani kwake mwaka 1971, nayo imepungua, basi mruko wa ghafla si lazima uwe ufundi. Fauka ya hayo, ikizungushwa mbio kuliko ilivyopigwa, wazimu hugeuka kichekesho. Ulizia kasi kabla ya kukata tiketi.

Maandishi ya katikati hamna hata moja, maadamu zama hizo Japani ilikuwa na benshi, msimulizi wa kando ya pazia, kazi ambayo sisi twaijua kwa DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania. Benshi mahiri hukoleza. Akianza kutufafanulia nani mgonjwa na nani mzima, heri anyamaze.