Misikiti ya Njia ya Misafara na Waandishi Wake

Vitabu vya wasafiri walioipita njia ya Bagamoyo hata Ujiji twavisoma mpaka leo. Lakini mtu akitaka kujua watu wa njia ile walisali wapi, atavifunga hajashiba. Burton aliingia Kazeh, ndipo ilipo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Hakuwa mgeni wa mambo ya Kiislamu, kwani mwaka 1853 alikuwa amekwenda Makka kwa kujigeuza sura. Hata hivyo kitabu chake cha mwaka 1860 kinapokaa sana ni kwenye tembe za Waarabu, baraza zake na ua wake wa ndani. Stanley naye, mwaka 1872, ajisifia nyumba yake ya Kwihara. Na wageni wa leo wafuata nyayo hizo hizo: waitazama tembe ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, nayo imejengwa upya, kisha wasema Tabora wamekwisha kuiona.

Kosa lao, twadhani, latoka pwani. Aliyeanza safari yake Kaole, karibu na Bagamoyo, ameona magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe uhesabiwao kuwa wa karne ya 13. Afikapo bara hutafuta mawe kama yale. Unyamwezi watu walijenga kwa miti na udongo, na udongo usipokandikwa tena mvua huula. Basi msikiti wa bara hudumu kwa kujengwa upya. Aonaye saruji na bati akasema hapa hapana cha kale, amehukumu upesi mno.

Wenzetu wengine waliona si vema kuwapeleka wanafunzi wetu msikitini. Sisi tuliwapeleka, katika msikiti mmoja wa Tabora, nje ya saa za sala. Tulipiga hodi, tukavua viatu, vijana wakamwamkia mzee mwenye kuutunza. Mmoja akamwuliza, "Babu, hapa cha kale ni kipi?" Mzee akajibu, "Kuta nimeziona zikivunjwa mara mbili, mjukuu wangu. Kibla hatukuigeuza."

Mwalimu wa lugha na alishike neno hilo. Kwa Waswahili kibla ni jina la kaskazini pia, maana kutoka pwani yetu Makka iko upande huo. Mwarabu wa Oman, kwao, alielekea magharibi. Alipofika Unyanyembe akaelekea kaskazini pamoja na mpwani aliyefuatana naye. Ila madhehebu yao mbalimbali: Waarabu wale wengi wao walikuwa Ibadhi, ambao husali mikono imeteremka, na wapwani ni Shafii, ambao huifunga. Mambo hayo hayaandikwi ukutani.

Wala tusifiche kwamba njia ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na kwamba wengine waliosujudu humo walikuwa na watumwa wao nje wakingoja. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo katika orodha ya UNESCO ya mahali panapokusudiwa kuombewa urithi wa dunia, nazo Kwihara na Ujiji zimo. Mwandishi atakayeieleza bila sala ataieleza nusu. Atakayeieleza bila minyororo, vivyo hivyo.

Apitaye Tabora kwenda Ujiji na apige hodi huko pia, ila asiende Ijumaa adhuhuri, kwani saa ile hapana mwenyeji mwenye nafasi ya kuzungumza na mgeni.